"Having finished the exam, the papers were collected": kosa liko wapi? Uzi wa partisipo za Kiingereza

#1 Mzazi wa Kimara

Heshima kwenu, wakuu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na juzi alikuja na daftari ambalo jibu lake limekatwa kwa kalamu nyekundu bila neno hata moja la maelezo. Aliagizwa aunganishe sentensi mbili, "The students finished the exam" na "The teacher collected the papers", kwa kuanza na neno "Having". Akaandika hivi: "Having finished the exam, the papers were collected by the teacher." Mimi hutumia Kiingereza kazini kila siku, na nimeirudia sentensi hiyo bila kuona inapochechemea. Msamiati uko sawa, nyakati zimekaa mahali pake, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedhani kwamba karatasi ndizo zilizofanya mtihani. Msimamo wangu ni kwamba mtoto ameonewa. Wenye hoja tofauti, karibuni.

#2 Chaki Nyeupe

Mkuu, hajaonewa. Maneno "having finished" yamejengwa kwa partisipo, yaani lile umbo la kitenzi linaloishia na "-ing" au "-ed", au lenye sura yake ya pekee kama "written" na "broken", ambalo hubaki na tabia za kitenzi huku likifanya kazi ya kivumishi au ya kielezi. Umbo hilo halibebi kiima chake lenyewe. Anayelisoma analazimika kwenda mbele, kukichukua kiima cha kishazi kikuu, kisha kurudi nacho nyuma. Kishazi kikuu cha binti yako kinaanza na "the papers", kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni karatasi ndizo zilizomaliza mtihani. Kosa hilo ni maarufu na huitwa partisipo inayoning'inia. Laiti angeandika "Having finished the exam, the students handed in their papers", angepata alama zote.

#3 Nyuki wa Tabora

Chaki, umekwepa jambo moja. Sentensi uliyoiandika si ile iliyoulizwa, kwa sababu umemfuta mwalimu na kuwapa wanafunzi kazi ya kukusanya. Katika swali kuna viima viwili tofauti: wanafunzi walimaliza, mwalimu akakusanya. Ukianza na "Having finished the exam, the teacher collected the papers", umemfanyisha mwalimu mtihani. Njia pekee ya kuanza na "having" ni kuipa partisipo kiima chake na kusema "The students having finished the exam, the teacher collected the papers", lakini hapo tayari neno la kwanza si "having" tena. Kwa maoni yangu aliyekosea ni mtunga swali, kwa kuwa viima vikitofautiana agizo hilo halitekelezeki bila kubadili maana au kuvunja kanuni.

Muundo huo wa partisipo yenye kiima chake si mgeni kwenu. Kila anayeandika "weather permitting" au "God willing" anautumia.

#4 Binti Pangani

Nyuki ametaja "God willing", na hapo ndipo ninapoona chanzo cha tatizo. Sisi husema "Mungu akipenda". Tazameni hiyo "a-" mwanzoni mwa kitenzi. Kitenzi chetu, hata kikiwa tegemezi namna gani, huja na kiambishi cha nafsi kilichoshonewa humo humo: nikitembea, ukitembea, walipomaliza, tulipokuwa tukila. Mtu akisema "Nilipokuwa nikitembea kwenda shule, mvua ilianza kunyesha", hakuna atakayedhani kwamba mvua ilikuwa inakwenda shule, kwa sababu "ni-" imekwisha kumtaja mtembeaji. Mwanafunzi huyo huyo akiandika "Walking to school, the rain started", kichwani mwake ile "ni-" bado ipo, ila kwenye karatasi haipo. Kishazi cha Kiingereza kimebaki kama kifurushi kisichoandikwa jina la mpokeaji, na kiima cha kwanza kitakachotokea mbele kinakichukua. Kwa hiyo sikubali kwamba ni uzembe wa wanafunzi. Wanaandika wakiwa na kiima ambacho lugha ya pili haikionyeshi.

#5 Kamusi ya Babu

Maelezo ya Binti Pangani yanapendeza, lakini hayatoshi. Kiswahili nacho kina kitenzi kisichotaja mtendaji, nacho ni kile cha "ku-". Watu huandika kila siku "Baada ya kumaliza kula, vyombo vilioshwa" au "Kabla ya kufika stendi, gari liliharibika", na hatusikii mtu akiuliza kama vyombo vilikula. Kwa hiyo kuning'inia tunakujua, isipokuwa hatujakuita kosa.

Isitoshe, Waingereza wenyewe wamekuwa wakining'iniza tangu zamani. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unamweleza mwanawe habari za kifo chake kwa kusema "'Tis given out that, sleeping in my orchard, a serpent stung me". Kwa kanuni ya Chaki, nyoka ndiye aliyekuwa amelala bustanini. Zaidi ya miaka 400 imepita na watazamaji bado wanaelewa kwamba aliyelala ni mfalme.

#6 Chaki Nyeupe

Shakespeare hakukalia mtihani wa Baraza, mkuu. Aliandika mashairi ya jukwaani, na mzimu unaruhusiwa kulegeza sarufi. Ninayemfundisha mimi atakuja kuandika ripoti za hospitali na taarifa za benki. Muuguzi akiandika "Being unconscious, the doctor examined the patient", nani amezimia? Hapo "msomaji ataelewa tu" haisaidii, kwa kuwa anayesoma hakuwepo wodini.

#7 Msomaji wa Kisumu

Nawasalimu kutoka upande huu wa mpaka. Huku kwetu maswali ya namna hiyo hupatikana katika sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, na maagizo ya kuanza na "Having" huwa yanakwenda na sentensi zenye kiima kimoja, kwa mfano "She had locked the door. She went to bed." Naungana na Nyuki kwamba swali la binti huyu lilitungwa vibaya.

Ila ninataka kumwongezea Chaki pingamizi jingine. Kuna partisipo nyingi ambazo zimekwisha kuacha ukitenzi na kuwa vihusishi, na hizo hazidai kiima cha mtu yeyote. "Considering his age, the result is good" haimaanishi kwamba matokeo yanatafakari umri. "Given the price of fuel, fares will rise" inakubalika hata katika magazeti yanayohaririwa kwa ukali. Vivyo hivyo "regarding", "following", "owing to" na "generally speaking". Hata "during", ambalo hakuna anayelishuku, lilikuwa partisipo ya kitenzi cha zamani kilichokwisha kupotea. Kama mlango huo ulifunguliwa kwa hayo yote, ni nani anayeamua ufungwe lini?

#8 Mtwara Kuchele

Wakuu, ninafuatilia kwa makini, lakini kwetu sisi watu wa kawaida partisipo inayouma ni nyingine. Niliwahi kuingia kwenye usaili wa kazi na kusema kwa kujiamini kabisa, "I am very interesting in this position." Mmoja wa wasaili akatabasamu, akaniuliza kama ningeweza kumthibitishia hilo. Kazi sikuipata, na mpaka leo ndugu zangu waliosikia mkasa huo huniita Bwana Interesting. Naomba mtu anipe njia ya kutofautisha "-ing" na "-ed" ambayo haianzi na maneno "kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa", maana hayo niliyakariri na hayakunisaidia.

#9 Binti Pangani

Bwana Interesting, njia unayo mdomoni tayari. Chukua jozi hizi: choka na chosha, shangaa na shangaza, sikitika na sikitisha, furahi na furahisha, sisimka na sisimua. Kitenzi kinachosababisha hali kwa mwingine ndicho chenye "-ing", na kile cha anayeingia katika hali ndicho chenye "-ed". Safari inachosha, kwa hiyo ni "tiring"; msafiri amechoka, kwa hiyo ni "tired". Habari inashangaza ni "surprising". Aliyeshangaa ni "surprised". Vijana wa mjini hata "boring" wameiingiza katika utaratibu huo huo bila kufundishwa na mtu: mhadhara unaboa, mwanafunzi ameboeka. Kwa upande wako, kazi ndiyo iliyokuvutia, na wewe ndiye uliyevutiwa nayo. Kabla hujafungua mdomo, jiulize kama wewe unavutia au umevutiwa.

#10 Mtwara Kuchele

Ahsante sana. Inawezekana kwamba ninavutia pia, lakini naona usaili haukuwa mahali pa kulisema hilo.

#11 Nyuki wa Tabora

Utaratibu huo wa jozi ni mzuri mpaka unapofika kwenye "-me-", na hapo ndipo unapowaangusha wengi. "Amechoka" inakwenda kuwa "tired", na "kimevunjika" inakwenda kuwa "broken". Mwanafunzi anahitimisha kwamba "-me-" yetu ni partisipo yao ya wakati uliopita. Kisha anakutana na "amesimama mlangoni" na kuandika "He has stood at the door", ilhali kinachotakiwa ni "He is standing at the door". Vitenzi vyetu vya mkao na vya kubeba vinapenda "-me-" kwa sababu tunataja hali inayofuata baada ya tendo: amekaa, amelala, amejificha, amevaa kofia, amembeba mtoto mgongoni. Mwingereza hali hizo zote anazitaja kwa "-ing": "sitting", "sleeping", "hiding", "wearing", "carrying". Sidhani kama kuna kanuni moja itakayokupa "tired" na "standing" kutoka katika "-me-" moja. Inabidi kuvifahamu vitenzi vyenyewe, kimoja baada ya kingine.

#12 Mbeba Boksi, Leeds

Nyuki, uje huku kaskazini mwa Uingereza usikie. Kazini kwangu wenyeji wanasema "I was sat there for an hour" na "He was stood by the door", wala si "sitting" na "standing". Nilipofika nilidhani wananitega. Sasa nami ninasema hivyo hivyo, na ninakiri kwamba kwa Mswahili inaingia akilini upesi, kwa kuwa ni "nilikuwa nimekaa" na "alikuwa amesimama" neno kwa neno.

#13 Chaki Nyeupe

Mkuu wa Leeds, usiwaharibie watahiniwa. Msemo huo ni wa mazungumzo, na katika maandishi rasmi msahihishaji ataukata. Endelea nao hapo hapo kazini.

#14 Wakili wa Kisutu

Nimeusoma uzi wote, na ninaona mmeisahau sehemu ambayo partisipo ina uzito wa kumtia mtu matatani. Shahidi anasema kwa Kiswahili, "Nilipofika, mlango ulikuwa umevunjika." Tafsiri inaandikwa "The door was broken." Sentensi hiyo ya Kiingereza ina nyuso mbili: inaweza kueleza hali ya mlango, au inaweza kueleza tendo la mtu kuuvunja. Kiswahili kimekwisha kutenganisha hayo mawili, kwa kuwa "umevunjika" haimtaji mvunjaji, na "ulivunjwa" inaashiria kwamba yupo. Katika shauri la wizi wa kuvunja nyumba, tofauti hiyo si ya kuchezea, na shahidi ambaye hakumwona mtu asiwekewe mvunjaji na mkalimani. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, lakini hukumu nyingi za zamani tunazozinukuu ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo tatizo halijatuondoka.

La pili ni mahali partisipo inapokaa. "The concerned parties" ni watu wenye wasiwasi, na "the parties concerned" ni wahusika. Nimeona mikataba yenye la kwanza mahali palipotakiwa la pili. Vilevile "the people involved" ni waliohusika, ilhali "an involved story" ni hadithi yenye mizunguko mingi.

#15 Kamusi ya Babu

Wakili msomi, kwa kuwa umefika, waeleze vijana jinsi ya kutamka "my learned friend". Nimewasikia wakilitamka kwa silabi moja.

#16 Wakili wa Kisutu

Linapokuwa kivumishi cha mtu msomi hutamkwa kwa silabi mbili, na "-ed" inasikika kama "-id". Linapokuwa kitenzi, "he learned the law", ni silabi moja. Tabia hiyo inalipata pia neno "aged" katika "the aged", na "blessed" katika maombi. Anayekosea hatafukuzwa mahakamani, lakini wenzake watatazamana.

#17 Mzazi wa Kimara

Nawashukuru wote, ingawa kuhusu mtungaji wa swali nitalifikisha shuleni kwa adabu. Sasa nina swali lililonisumbua tangu ujana wangu. Kwa nini tuliambiwa kwamba "-ing" ni partisipo ya wakati uliopo na "-ed" ni ya wakati uliopita? "I was cooking" ni jana, na "The letter will be written tomorrow" ni kesho. Majina hayo yanamsaidia nani?

#18 Chaki Nyeupe

Hayamsaidii mtu kama yatachukuliwa kuwa ni nyakati. Mimi darasani husema kwamba "-ing" huonyesha jambo linaloendelea na "-ed" huonyesha jambo lililokamilika, na wakati tunauachia kitenzi kisaidizi: "was", "is" na "will be" ndivyo vinavyosema jana, leo au kesho. "Falling leaves" ni majani yaliyo angani, na "fallen leaves" ni majani unayoyafagia.

#19 Msomaji wa Kisumu

Mfano mzuri, Chaki, na unasahihisha kitu ambacho wengi hukifundisha, kwamba partisipo ya "-ed" ni ya kutendwa tu. "Fallen" haina mtu aliyeyaangusha majani. "A retired officer" alistaafu mwenyewe, na "an escaped prisoner" alitoroka mwenyewe. Askari hawakumtorosha, au angalau hatujaambiwa hivyo. Vitenzi visivyochukua yambwa, yaani mtendewa, hutoa partisipo ya ukamilifu isiyo na utendwa, ingawa si vyote, kwa maana husemi "an arrived guest" hata kama mgeni amekwisha kufika na kukaa.

#20 Kamusi ya Babu

Kuhusu "-ing", mkanganyiko ni wa kihistoria. Katika Kiingereza cha kale yalikuwepo maumbo mawili tofauti: partisipo iliishia na "-ende", na jina linalotokana na kitenzi liliishia na "-ung" au "-ing". Katika Kiingereza cha kati maumbo hayo yaligongana, na "-ing" ikabaki na kazi zote mbili. Ndiyo sababu "Swimming is good for you" ina jerandi, kwa kuwa kuogelea hapo ni jina, na "the swimming children" ina partisipo, lakini kwa macho ni neno moja. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, waliona hakuna faida ya kuyatenganisha maumbo haya, wakayaweka chini ya jina moja. Nami naona walifanya vyema. Mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo lugha yenyewe imeviunganisha.

#21 Chaki Nyeupe

Hapo tunaachana, babu. Tofauti ina kazi. Ukisema "I saw him leaving", umemwona mtu katika tendo, kama sisi tunavyosema "nilimwona akiondoka". Ukisema "His leaving surprised me", kilichokushangaza ni kuondoka kwake, na hiyo "kwake" ndiyo "his". Mswahili ana "-ki-" kwa la kwanza na "ku-" kwa la pili, kwa hiyo ukimfutia mwanafunzi wetu mstari huo, unamnyang'anya kitu anachokijua tayari.

#22 Kamusi ya Babu

Na "I don't mind him leaving" utaiweka wapi? Kwa mujibu wako ilipaswa kuwa "his leaving". Henry Fowler, mtaalamu wa matumizi ya Kiingereza, aliipigia kelele sentensi ya namna hiyo mapema katika karne ya 20, na mwanaisimu Mdenishi Otto Jespersen akamjibu kwa mifano mingi ya waandishi wazuri walioitumia. Wenye lugha wanaendelea kusema vyote viwili.

#23 Mtwara Kuchele

Wakati mnaendelea, mniangalizie barua zangu za maombi ya kazi. Huwa ninamaliza kwa "Hoping to hear from you soon." Rafiki yangu mmoja anadai kwamba hiyo si sentensi.

#24 Wakili wa Kisutu

Rafiki yako yuko sahihi. Ni partisipo iliyoachwa peke yake baada ya sentensi yake kukatwa. Barua za zamani zilimalizia "Hoping to hear from you soon, I remain, Sir, your obedient servant", na kiima "I" kilikuwa hapo mbele kikiishikilia "hoping". Watu waliona aibu kujiita watumishi watiifu, wakaiondoa sehemu hiyo, na partisipo ikabaki na nukta. Andika "I look forward to hearing from you". Angalia "hearing" hiyo, kwa sababu "to" hapo ni kihusishi, na "I look forward to hear" ni kosa ninaloliona karibu kila wiki.

#25 Nyuki wa Tabora

Kabla uzi haujahamia kwenye barua moja kwa moja, naomba mnihukumie sentensi hii niliyoisikia kwa mtu anayekijua Kiingereza vizuri sana: "Driving along Morogoro Road, there were three police checks before Chalinze." Kiima cha kishazi kikuu ni "there", ambacho si mtu wala si kitu. Je, inaning'inia?

#26 Chaki Nyeupe

Inaning'inia, na ningeikata. "Driving along Morogoro Road, we passed three police checks."

#27 Msomaji wa Kisumu

Mimi ningeiacha. "There" haiwezi kuendesha gari, kwa hiyo msomaji hana kiima cha uongo cha kukishika, na anamwelekea msemaji moja kwa moja. Inayopotosha ni ile yenye kiima kinachowezekana, kama daktari wa Chaki aliyezimia.

#28 Binti Pangani

Kwa hoja hiyo, Msomaji, hata "the papers" haziwezi kumaliza mtihani, kwa hiyo utalazimika kumpa binti wa Kimara alama zake.

#29 Msomaji wa Kisumu

Ningempa nusu.